Nilimwambia Ndugu Yangu Wacha Warekodi

Kosa ni langu. Polisi hawakunituma, loya hakunituma, na hata shetani nikimsingizia nitakuwa namwonea. Ni huu mdomo wangu. Naandika haya nikiwa sijui kama nami watakuja kunichukua.

Ndugu yangu mdogo nitamwita Sammy. Ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Nilimleta mimi kutoka Kenya, akalala kwenye kochi langu hapa Adelphi, nje kidogo ya D.C., akapata kazi ya jikoni kwenye mkahawa huko Shaw, ndani ya D.C. yenyewe. Siku tuliyoondoka mama alinishika mkono uwanja wa ndege akaniambia, huyu sasa ni wako.

Jumapili moja hakurudi nyumbani. Simu mteja hapatikani. Nikapiga hospitali, nikapigia rafiki zake, nikaulizia jela ya D.C. kwa sababu ndiko anakofanya kazi. Wananiambia hakuna mtu kama huyo. Aki nililia! Kichwani mwangu nilishamwona mochari.

Mama Baraka, Mtanzania tunayesali naye, ndiye aliyeniuliza Sammy alikuwa anaelekea wapi. Nikakumbuka alichukua gari langu kwenda Lanham, huku huku kwenye kaunti yetu, kwa rafiki yake. Akanieleza kwamba hapa mtu hufungwa kwenye kaunti alikokamatiwa, mambo ya kazi yake hawana habari nayo. Tukapigia jela ya kaunti yetu wenyewe, tukaambiwa yupo. Nilimshukuru Mungu kwa kumpata ndugu yangu jela, hebu fikiria!

Alikuwa amegonga mtu anayevuka barabara, na hakusimama. Yule mtu hakufa, lakini alivunjika nyonga. Loya tuliyepewa na korti, mama mmoja mpole, alinieleza polepole kwamba kesi yote imeshikilia jambo moja: je, Sammy alijua kwamba amegonga mtu? Akipatikana na hatia, watu wa uhamiaji nao watamtaka wamrudishe Kenya. Halafu akanionya tusiguse habari za kesi kwenye simu ya jela. Nikaitikia kwa kichwa, kama ninavyoitikia matangazo kanisani.

Simu za jela wewe huwezi kupiga, unangoja upigiwe. Na kabla hujamsikia mtu wako, kuna sauti ya mashine inakwambia kwa Kiingereza kwamba simu hii inasikilizwa na kurekodiwa, bonyeza ukikubali. Kila mara! Mimi nilikuwa nikibonyeza hata kabla haijamaliza, kwa hamu ya kumsikia Sammy.

Mwanzoni tuliongea Kiingereza, kama watoto mbele ya mwalimu. Umekula? Nimekula. Unaumwa? Siumwi. Halafu siku moja nikachoka nacho.

Nanyi mnajua tabia yetu huku. Tuko kwenye foleni ya duka, tunamsema mama aliye mbele yetu, wigi lake, viatu vyake, naye anageuka anatutabasamia. Kwenye treni tunamwaga siri za ndoa kwa sauti ya juu. Tumezoea kwamba ukishaingia Kiswahili, umefunga mlango.

"Hebu niambie ukweli," nikamwambia, kwa Kiswahili.

"Dada, si wanarekodi?"

"Wacha warekodi. Hapo nani anajua Kiswahili?"

Na nikacheka. Jamani, nilicheka!

Binti yangu alikuwa mezani na kazi zake za shule. Huyu Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Aliinua kichwa akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hao wana watu wa kutafsiri. Nikamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya wakubwa.

Sammy akasema, "Nilisikia. Nilijua ni mtu. Nilimwona kwenye kioo akijaribu kuinuka, nikaogopa." Akaanza kulia.

Hapo ningesema pole, nikate simu. Wapi! Nikajifanya loya. Nikamwambia aseme alidhani ni shimo, kwani ile barabara imejaa mashimo. Nami nitasema gari lilikuwa na kelele tangu zamani. Nikamfanya arudie maneno hayo kama mtoto anayekariri mstari wa Biblia, naye akarudia, maana ni mimi dada yake.

Na kinachonimaliza ni hiki. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa. Akiletwa bibi wa Kongo asiyejua Kiingereza, nesi anapiga namba, na hata hujamaliza kutandika kitanda mkalimani wa Kiswahili yuko kwenye spika. Nimeyaona kwa macho yangu mara nyingi tu. Huwa nawacheka hata lafudhi yao. Nilijua! Sijui kwa nini niliona hiyo namba ni ya hospitali peke yake.

Loya aliniita ofisini kwake. Hakunifokea. Aligusa kompyuta, nikasikia kicheko changu. Halafu nikajisikia nikiuliza hapo nani anajua Kiswahili. Nikamwomba azime. Alizima, akaniambia upande wa mashtaka wamesikiliza yote na wametafsiriwa neno kwa neno. Akaniambia pia kwamba yeye ni loya wa Sammy, mimi nitafute wangu, kwa sababu kumfundisha mtu aseme uongo kortini ni kesi nyingine.

Tangu siku hiyo naogopa. Mlango ukibishwa, nazima taa. Gari nisilolijua likisimama chini, nachungulia pazia. Karatasi zangu za uhamiaji bado nazingoja, na nina mtoto. Mama akipiga kutoka nyumbani akimuulizia Sammy, namwambia simu yake imeharibika.

Halafu kuna yule mtu aliyegongwa. Katika kukariri kwetu, mimi na Sammy tulimwita shimo. Mimi ninayewageuza wagonjwa kitandani kila siku, mimi ninayejua mtu mwenye nyonga iliyovunjika anavyolia!

Wewe uliye na mtu wako ndani, nakusihi. Mtafute kwenye kaunti alikokamatiwa. Akipiga, muulize amekula nini, mpe salamu za nyumbani, ombeni pamoja. Mambo ya kesi ayaseme kwa loya wake, ana kwa ana. Usiulize ukweli kwenye ile simu, si kwa Kiswahili, si kwa kilugha cha nyanya yako, hata kama unatamani sana kuujua.

Jana Sammy alipiga. Mashine ikasema maneno yake, na safari hii nikaisikiliza hadi mwisho ndipo nikabonyeza. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Mwishowe akaniuliza, kwa Kiingereza, kama huku nje kunanyesha. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba hapana, kuna jua.