Bakuli Halirudi Tupu

Juzi, dukani Mpendae, bibi mmoja alimkuta jirani yake, mwanamke kijana, akinunua vikopo vya plastiki, vile vya kutumia na kutupa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vya nini hivyo?"

"Vya kukuletea futari. Hutohangaika kurudisha vyombo."

Bibi akavisukuma vikopo kwa kidole, taratibu, mpaka kwa muuza duka. "Nletee kwa bakuli, mwanangu. Kikopo ntakitupa tu. Bakuli ntakurudishia na kitu ndani."

Vikopo vikarudi rafuni. Nami, niliyekuja dukani kufuata vikopo hivyo hivyo, nikaagiza sabuni ya vyombo.

Ramadhani hii pipa letu la taka linachelewa kujaa. Ila bakuli la jirani yetu aliyetuletea futari liko mezani, safi, na nyumba nzima hakuna anayethubutu kulirudisha hivyo lilivyo.