Usikiguse Kioo cha Mpiga Picha wa Kilole

Juzi utingo wa basi la Korogwe aliteremka hapa Handeni, akapangusa vumbi usoni kwa mkono wa shati, akaniambia, "Mwalimu, pole. Yule mzee wa picha wa Kilole ametutoka." Nikakaa juu ya gunia la mahindi la mtu nisiyemjua, na mwenye gunia, kwa hisani yake, hakuniondoa. Nimehuzunika sana. Nalisema hili mapema kwa sababu katika safu hii nitamcheka marehemu, na sitaki msomaji yeyote adhani kwamba ninamcheka kwa kukosa kumpenda. Kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka msibani, hata kuligombania jeneza akipenda, na mimi na yeye tulikwisha kufanyana watani tangu siku za ujirani wetu. Jina lake sitaliandika. Waliomfahamu wamekwisha kumtambua, na wasiomfahamu jina tupu litawasaidia nini?

Alikuwa mtu wa milimani, wa huko Usambara, aliyeshuka Korogwe kufuata mkonge kama wengi walivyoshuka, kisha akaona kuwapiga picha wanaoukata mkonge ni afadhali kuliko kuukata mwenyewe. Alikuwa na kamera ya miguu mitatu, sanduku zito lenye kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, na mbele yake kioo kimoja, hiyo lenzi, alichokiogopea kuliko mboni za macho yake mwenyewe. Macho yake aliyafikicha ovyo kama sisi sote. Kioo hakukifikicha. Kwanza alikifunua na kukitazama kwa upande, akikiinamisha kwenye mwanga, kama mama anayechagua kikombe dukani akihofia ufa. Kisha alikipuliza, si kwa mdomo, maana alidai mdomo uliokula ugali hautoi upepo mtupu, bali kwa mpira mdogo wa kusafishia masikio alioununua duka la dawa. Vumbi lililokataa kuruka aliliondoa kwa brashi laini ya manyoya, ambayo haikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote hapa duniani. Ikiwa bado pana alama ya kidole, hapo tu ndipo alipochukua kitambaa cha pamba kilicholainika kwa kufuliwa, akakivukizia kioo pumzi, akakifuta polepole kwa kuzunguka, kutoka katikati kwenda ukingoni. Maji, ikibidi sana, aliyatia kwenye kitambaa na si juu ya kioo, yasije yakajipenyeza nyuma. "Vumbi letu ni mchanga," alinieleza, kila wiki, kama kwamba sikuwa nimeelezwa wiki iliyopita. "Ukilifuta kabla hujalipuliza, umekipiga kioo msasa."

Wasomaji wa Kwedizinga watakumbuka harusi moja ambayo pilau yake ililiwa baridi. Mpiga picha wetu alikuwa amefika kwa lori lililopitia Segera, barabara yote ikiwa imemlalia mabegani, na bibi na bwana harusi walikwisha kupangwa mbele ya ukuta, wazee kwenye viti, watoto chini. Yeye akafungua debe la biskuti alimohifadhi kioo chake na kuanza: akapuliza, akatazama, akapiga brashi, akatazama tena. Jua lilipanda. Bwana harusi alitokwa na jasho mpaka kanzu ikamnata mgongoni, na shangazi yake, mwanamke asiyejua kunong'ona, akauliza, "Baba, wewe umekuja kupiga picha au umekuja kulea?" Mpiga picha hakugeuka. "Nalea, mama," akajibu. "Kikilia hiki, arusi yako yote itaonekana imefungwa ukungu." Watu wakacheka, yeye akaendelea kupuliza. Alikuwa mtu wa kuudhi, jamani. Mkono wowote ulioelekea kioo aliupiga kofi, uwe wa tarishi, wa mwalimu au wa mtu mwenye cheo, na hakuomba radhi.

Mkono mmoja tu ndio uliomshinda, nao ulikuwa wa mama mkwe. Mke wake alipojifungua, mama yake mzazi alishuka kutoka milimani kuja kumwuguza. Wakati ule nyumba yangu na ya mpiga picha zilikuwa ua mmoja huko Kilole, pale Korogwe, kwa hiyo niliyaona mambo haya mwenyewe. Wasomaji mnajua desturi yetu ya ukwe. Mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno la mmoja humfikia mwingine kwa kupitia kwa mke. Yule mama alikuwa na adabu kubwa na mikono isiyojua kukaa. Alifagia, akachota, akasugua masufuria kwa majivu na konzi ya katani kama afanyavyo kila mwanamke anayeishi karibu na mashamba ya mkonge, mpaka yakawa yanatuumiza macho. Mvua zilikuwa zimekatika tu, na mpiga picha, akiogopa ukungu unaoota kwenye vioo vikikaa unyevuni, alikuwa amekichomoa kioo chake na kukiweka dirishani kipate hewa. Kisha akaenda stesheni kuulizia mzigo wake wa dawa za picha. Mama mkwe akakiona. Hakumwuliza mtu, maana amwulize nani, binti yake amelala na mkwe hasemeshwi. Aliona kioo cha mkwewe kimeshika vumbi. Kioo cha taa ya chemli alijua dawa yake.

Mpiga picha aliporudi, kioo kilikuwa juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe kilichotariziwa, kimesuguliwa kwa majivu na katani mpaka kinameremeta. Akakiinua kwenye mwanga. Nilikuwa mlangoni, nikaona mistari midogo isiyohesabika ikizungukazunguka juu yake. Nikamtazama yeye. Yule aliyewapiga watu makofi kwa kunyoosha kidole tu alisimama hapo, kioo mkononi, huku upande wa pili wa pazia mama mkwe akingoja kwa unyenyekevu kusikia kama kazi yake imependeza. Mke akauliza kutoka kitandani, "Mama anauliza, kimetakata?" Akakirudisha kioo juu ya kile kitambaa cheupe. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake, "Mwambie mama ahsante. Kimetakata sana." Naungama nilitoka nje upesi, na nilipofika nyuma ya choo nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kicheko kiliniisha Jumapili. Asubuhi hiyo alikuja mkata mkonge mmoja, manamba wa mkataba kutoka kusini mbali sana, akifuatana na mwenzake wa kambini. Alitaka picha moja. Kwao ilikwisha kupelekwa habari kwamba amekufa huku mkongeni, matanga yamekwisha kukaliwa, na baada ya mavuno mke wake atarithiwa na mdogo wake. Yeye kwenda hawezi, mkataba wake haujaisha, na atorokaye hukamatwa. Mwenzake ndiye aliyekwisha kumaliza, naye angeondoka Jumanne kwa lori linalowarudisha watu makwao. Nikamwambia kwa nini asipeleke barua, nitamwandikia mimi bure. Akanitazama kwa upole. "Mwalimu, hata habari ya kufa kwangu ilikwenda kwa barua," akasema. "Mama yangu hasomi. Lakini sura ya mwanawe anaijua."

Mpiga picha akampiga picha, akitumaini. Alipoisafisha ile picha jioni na kutuletea, sote tuliinama kuitazama. Mwanga ulikuwa umeingia kwenye ile mikwaruzo na kutapakaa kila upande. Palikuwa na kiti, palikuwa na kitu kama kanzu, na juu yake uso mweupeweupe usio na macho, unaoelea. Mwenzake wa kambini akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena. "Ndugu yangu," akasema, "hii wakiipata nyumbani watakaa matanga mara ya pili." Mimi nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu yule mkata mkonge alikuwa akijitazama humo kama mtu anayeanza kuamini habari alizosikia.

Kioo kingine kingepatikana Tanga, kwa kuagizwa, na Jumanne isingengoja. Asubuhi yote ya Jumatatu mpiga picha alikuwa akizunguka uani na kamera yake, akiitazamisha huku na kule, kichwa ndani ya kitambaa, akinung'unika. Mwishowe akagundua kwamba kioo kilichokwaruzwa kinaweza kuona bado, ila hakivumilii mwanga kukipiga usoni. Kikiwekwa kivulini na mtu akawa kwenye mwanga, ukungu unapungua. Mkata mkonge alipomaliza ngwe yake na kufika mchana ule, amevaa ile kanzu ya jana lakini mikono ingali na utomvu, alihitajika mtu wa kukiwekea kioo kivuli. Mimi nilikwisha kushika karatasi nyeupe ya kumrudishia mwanga usoni, na yule mwenzake alikuwa kambini akifunga mzigo wa safari. Mke akasema kutoka ndani, "Mama anasema yeye ana mwavuli." Basi mama mkwe akatoka, mgongo mbele, khanga imemfunika mpaka machoni. Akasimama ubavuni mwa kamera akitazama ukuta wa choo, asimwone mkwewe, akashikilia mwavuli mweusi juu ya kile kioo bila kuutikisa. Mpiga picha naye, kichwa ndani ya kitambaa, aliita, "Mke wangu, mwambie mama ainamishe kidogo," na mke kitandani akarudia, na mwavuli ukainama. "Mke wangu, mwambie mama hapohapo." Sijaona serikali yoyote yenye utaratibu mzuri kuliko ule. Na picha ilitoka na macho, na pua, na kovu la kwenye kidevu ambalo mama yeyote angelijua. Ilikuwa bado na ukungu pembeni, lakini mtu aliyekuwa katikati alikuwa hai.

Nimekuwa nikimfikiria sana yule mama tangu juzi. Hakukosea kwa uvivu wala kwa uovu. Alikosea kwa wema uliokuwa na haraka, na kwa desturi iliyomnyima mtu wa kumwuliza. Katika nchi yetu hii naona wema wa namna hiyo umeongezeka. Wako mabwana shamba wanaopanda milimani kuwafundisha watu kulima mashamba waliyolima tangu babu zao, kwa nia safi kabisa na amri nyingi, na hawana hata mke wa kuwapelekea maneno upande wa pili wa pazia. Wako walimu, nami ni mmojawao, wanaomsugua mtoto kwa fimbo mpaka ameremete, kisha wanashangaa kwamba haoni vizuri. Na vijana wa siku hizi, walionunua zile kamera ndogo za kuning'iniza shingoni, huzifuta kwa pindo la shati lililopita katika vumbi la Segera na kusema zimetakata. Marehemu aliwaona, na nadhani ndiyo yaliyomzeesha. Si kila kinachong'aa kimesafishwa. Vingine vimeumizwa tu.

Mavuno ya mwaka ule yalipokwisha kupita, lori lililoleta manamba wapya lilimshusha Korogwe mwanamke mmoja mwenye kifurushi. Aliulizia nyumba ya picha kabla hata ya kuulizia kambi ya mumewe. Alitupa shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akafungua kitambaa, na ndani yake ikatoka ile picha ya mkata mkonge, iliyosafiri na lori la Jumanne. Kiti kilikuwapo, kanzu ilikuwapo. Uso ulikuwa umefutika, pamebaki duara jeupe, limesuguliwa hata karatasi yenyewe imeota nyuzi. "Tusamehe, bwana," akasema kwa woga. "Ni mama mkwe wangu. Tangu ilipofika amekuwa akiipapasa kwa kidole, asubuhi na jioni, na hatukuweza kumkataza. Amenituma nije nimwone mwanawe kwa macho, na nimwombee picha nyingine." Mimi nikajiweka tayari kusikia ngurumo. Mpiga picha aliichukua ile picha kwa ncha za vidole, akaiinamisha kwenye mwanga kama alivyozoea kuinamisha kioo. Kisha akasema, "Hajaiharibu, mama. Ndiyo kazi ya picha." Akaingia ndani, akatoa negativu aliyoihifadhi, ile sura ya kuchapia picha, akamchapia nyingine mbili, moja ya kutazamwa na moja ya kupapaswa.

Miaka yote nilidhani mtani wangu alikuwa akikipenda kioo. Nilikosea, na nasikitika kwamba sikumwambia angali hai. Alikilinda kioo kisiguswe na mkono wowote ili mahali asipopajua mama mmoja apate kitu cha kushika. Sisi tulio na kazi za kulinda, za shule, za ofisi, za baraza, tujiulize kila jioni tunalinda kwa ajili ya mkono wa nani. Kama hatuna wa kumtaja, basi tunachokilinda ni kioo tu.