Mpira Uliofika Maswa

Juzi nilimsindikiza dada yangu hospitali, Bariadi mjini, kuangaliwa jicho. Nasema jicho, si macho, maana dada ana moja tu, na sasa nalo limeanza kuingia ukungu. Tulipopita kilipokuwa kiwanja chetu cha shule, ambapo leo ni fremu za maduka tupu, akanishika mkono akauliza swali lake la miaka yote: "Hivi ule mpira ulipitia wapi?" Moyo ukanipiga paa, ndugu yangu, kama siku ile.

Jicho la kushoto alilipoteza machungani tukiwa wadogo. Tawi la mgunga lilimrudia na mwiba wake. Tangu hapo niliishi na hofu ya lile la pili. Cheche ikiruka jikoni, naruka. Kuku akipiga mbawa karibu naye, naruka. Bibi aliyetulea alinizidi: hata kupukuchua mahindi alimkataza, eti punje zinaruka.

Halafu akaja mwalimu kijana kutoka Dar es Salaam, na begi lake la kriketi. Kama hujawahi kuushika mpira wake, ni mgumu kama jiwe. Mmoja anaurusha kwa nguvu zote, mwenzake anasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu, anaupiga kisha anakimbia kwenda na kurudi kutafuta alama. Na dada yangu, wee, kati ya wasichana wote, ndiye aliyeupenda! Mwalimu alimfundisha kusimama ubavu, ikashindikana, maana ubavu wa mbele ndio wenye giza. Akasimama kifua mbele, miguu kaitanua, vile tunavyosimama kumzuia fahali asiingie kwenye mtama wa watu. Mwalimu akacheka, akamwacha.

Siku ya mechi na shule ya mjini, bibi alikubali kwa shingo upande. Aliniita jikoni, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikitokota na kunukia, akanipa kazi: "Ng'wanone, mwanangu, leo wewe ndiye jicho lake la pili. Usibanduke pale." Nilikwenda nikasimama pembeni ya kiwanja. Michembe aliyonifungia ilirudi nyumbani vilevile.

Wale wa mjini walishuka kwenye gari na sare nyeupe, viatu, na kofia ngumu zenye vyuma usoni. Wetu walikuwa pekupeku, na kofia moja ya bodaboda aliyoiazima mwalimu. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Wa mjini walitangulia kupiga, mipira ikapotelea kwenye shamba la pamba la jirani, na mimi nikashukuru kimoyomoyo: tukifungwa mapema, dada hataingia. Lakini zamu yetu ilipofika, wasichana wetu, waliozoea kukimbiza ndama, walikimbia hao! Alama zikasogea, vicheko vikapungua. Mimi peke yangu ndiye niliyezidi kuogopa.

Dada aliingia wa mwisho. Umebaki mpira mmoja wa kurushwa, na tunahitaji alama tatu. Mrushaji wao, msichana mrefu, alikuwa ameshampiga mwenzetu mkononi mpaka mkono ukavimba. Dada akavaa ile kofia, akageuza shingo huku na kule, akaivua, akaiweka chini. Mayu!

Nyuma yangu nikasikia fimbo ya ng'ombe ikigonga ardhi. Bibi! Kaacha chungu motoni.

"Mwalimu, mvishe mtoto kofia!"

"Inamziba, bibi. Akiivaa haoni kabisa."

Msichana mrefu akaanza kukimbia, na hapo nikafumba macho.

Nilisikia ko! Kisha kimya. Nikajua ndiyo basi, limekwenda. Katika giza lile nilimwona dada akipapasa ukuta, mimi nikimshika mkono kwenda kisimani, asubuhi na jioni, mpaka uzeeni. Nililia kabla ya kufumbua. Ndipo vigelegele vikapasuka sikioni mwangu, na vilikuwa vya bibi.

Mpira ulikuwa umevuka mstari wa majivu uliozunguka kiwanja, alama nne kwa mkupuo. Tumewafunga watu wa mjini! Na dada amesimama palepale, jicho lake kalikodoa, anauliza kila mtu, "Umekwenda wapi?" Ulimjia upande wa giza, aliupiga, asiuone tena. Bibi akaninyooshea fimbo akicheka: "Na huyu jicho la pili kafumba!"

Kwa hiyo kwetu aliyeuona ni bibi peke yake, na bibi hakuujua mchezo. Jioni, tukila michembe kwa maziwa mgando, alisimulia. Mwanzo mpira ulipita juu ya ghala la pamba. Mwaka uliofuata, akisimulia tena, ukavuka mto Simiyu. Mwisho uliangukia Maswa, wilaya ya jirani, ukawatawanya wanunuzi wa pamba mnadani, nasi tukacheka mpaka maziwa yanatutoka puani.

Bibi hayupo tena. Ghala lilibomolewa, mwalimu alihamishwa, gongo sijui liliishia jiko la nani. Sina wa kumuuliza.

"Uliangukia Maswa," nikamjibu dada pale mbele ya fremu.

Akacheka kidogo. Tulipofika mlango wa daktari akasimama, vidole vyake vikiwa vya baridi mkononi mwangu, na nikatambua kwamba naye anaogopa. Siku ile ya mechi sikumwona akiogopa hata mara moja.

"Tuingie wote," akasema. "Lakini safari hii usifumbe."