Mkwe Nyuma ya Ukuta, Kitabu Kule Matema

Kitabu pekee nilichowahi kuandika ni chembamba kiasi cha kupotea ndani ya gazeti. Kiko kwenye rafu ya nyumba ya wageni kule Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katikati ya riwaya za Kizungu ambazo watalii husoma wakiwa wamelala mchangani, kisha huziacha zikiwa zimevimba kwa unyevu. Mwenye nyumba ile nilisoma naye chuo cha ualimu. Yeye aliacha chaki mapema akafuata jua, mimi nikabaki Tukuyu na mvua yangu. Siku moja alinipigia simu. Wageni wa siku hizi, alisema, ni Watanzania wenzetu kutoka Mbeya na Dar, wanakuja na watoto, na maswali yao hayaishi: vyungu hivi anafinyanga nani, watu wa huku wanaoana vipi, wanazikana vipi.

"Tuandikie kitu, mwalimu. Kifupi tu."

Nilikubali kwa sababu mjuzi wa mambo hayo nilikuwa naye nyumbani. Baba mkwe wangu alizaliwa kule ziwani, akazeekea kule, na macho yalipokufa kabisa mume wangu akamleta kwetu Msasani, hapa hapa Tukuyu. Tulimpa chumba cha nyuma chenye mlango wake. Tatizo likawa mimi. Kwa Wanyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe. Hamtazami, hali naye, hapiti anapopita, jina lake halitaji. Vijana wengi wa mjini wameyaacha haya. Mzee hakuyaacha. Na mimi nimelelewa Igogwe na mama ambaye akisikia tu kikohozi cha mkwewe aliingia migombani na ndoo yake ya maji kichwani, kwa hiyo ubavu wa kuyaacha sikuwa nao.

Basi nikaishi nyumba moja na mtu nisiyemwona. Nilimpikia uji, nikamfulia mashuka, nikajua kwamba ndizi anazipenda zikiwa zimepondeka kabisa. Mume wangu ndiye aliyepeleka vyombo na kuvirudisha. Kabla ya kutoka uani nilisikiliza kwanza, na fimbo yake ikigonga sakafu nilirudi ndani. Kwamba yeye haoni hakukusaidia kitu. Nilichoka, jamani. Nafundisha kutwa nzima, halafu narudi kujificha nyumbani kwangu mwenyewe.

Jiko na chumba chake vilipakana, na dari tulikuwa hatujaweka, kwa hiyo sauti ilipita juu ya ukuta. Jioni mume wangu alikaa naye akimuuliza maswali yangu. Mzee alimjibu mwanawe, lakini kwa sauti ya kumfikia mtu wa jikoni. Alieleza jinsi wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wa kule ziwani, wanavyopanga vyungu ndani ya mtumbwi na kushindilia majani makavu katikati visigongane. Akifika mahali anapopaona pazito alisema, "Hapo pasisahaulike, mwe," kama anayesema na watu wengi, na mume wangu, ambaye hakuwa na kalamu wala karatasi, aliitikia kwa heshima. Mimi nilicheka peke yangu kwenye moshi huku naandika.

Rafiki yangu alisoma rasimu akaifurahia, isipokuwa sura ya wakwe. "Hii iweke iwe ya zamani. Mgeni atakuja hapa na mkewe na baba yake, atatuona washamba." Nilikuwa nasahihisha mitihani, sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaandika kwamba zamani mkamwana alikuwa haonani na baba mkwe wake, na kwamba leo mila hiyo imebaki simulizi. Kikachapwa, kikabanwa pini, kikashuka Matema.

Baridi ya Tukuyu ilimwingia mzee kifuani. Alipozidiwa alimwambia mwanawe anataka kukisikia kitabu kile kabla hajaondoka, asije akazikwa na maneno ya mtu mwingine mdomoni. Mume wangu aliahidi kumsomea. Kabla hajafanya hivyo akaitwa kwenye msiba Isongole, na alasiri ile mvua ikinyesha mzee akagonga ukuta wa jikoni kwa fimbo. Hakuwahi kufanya hivyo. Nilielewa. Nilichukua nakala yangu, nikakaa kwenye kigoda, nikausomea ukuta.

Kwenye vyungu aliguna kwa kuridhika. Nilipofika kwenye wakwe nilitamani kuruka, lakini uchovu una kiburi chake, nikasoma tu hadi mwisho.

"Zamani?" alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu niolewe. Akakohoa, akatulia. "Haya. Kama ni zamani, njoo, mwanangu. Niletee mwenyewe hicho kitabu nikishike."

Nilisimama. Nilifuta mikono kwenye khanga, nikatoka uani mvua ikininyeshea, nikafika mlangoni kwake. Ulikuwa wazi. Niliona pindo la blanketi na ncha ya fimbo. Nilikuwa nampenda mzee yule, hilo nalisema wazi, kuliko ninavyowapenda wengi ninaokula nao meza moja. Miguu ilikataa. Nilirudi jikoni nikakaa, kitabu kikichuruzika maji.

Mzee alisikia nikirudi kwenye kigoda. Kisha akasema, bila hasira, "Basi umewadanganya wageni."

Nilikipangusa kitabu kwa khanga, nikakiweka karibu na moto kikauke.

Alifariki kabla masika hayajaisha, tukamrudisha ziwani kwao. Mchungaji alisema watu wote wapite kumuaga, wakwe na wajukuu, bila kubagua. Nilipanga foleni na wanawake wenzangu. Wifi yangu alininong'oneza, "Leo mtazame, mchungaji amekuruhusu." Nilipofika kwenye jeneza nilivuta khanga usoni, nikapita.