Mzunguko wa Mwisho Juu ya Ziwa

Fundi alichomeka kidole cha shahada kwenye tundu la mkiani mwa ndege, kikapita bila shida. "Iyi ni risasi," alisema, kama mtu anayetaja saa. Nilikuwa nimesimama chini ya bawa nikitabasamu peke yangu, kwa sababu nusu saa kabla nilikuwa nimeshika usukani tukitua na abiria, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilikuwa rubani msaidizi wa miezi mitatu. Ndege yetu ilikuwa na viti kumi na tisa, na kwa kuwa mabasi yalikuwa yakiviziwa na waasi kwenye barabara za kaskazini, walimu, wauguzi na wauza ndagala, dagaa wa ziwani, walipanda kwetu kwenda Kirundo. Kazi yangu ilikuwa redio, karatasi na kupima mizigo. Usukani ulikuwa wa rubani mkuu, tuliyemwita Komanda.

Komanda alikuwa na kanuni moja: hatupandi wala kushuka juu ya vilima. Tukiondoka Bujumbura tulizunguka juu ya ziwa mpaka tukawa juu sana, mbali na bunduki yoyote, ndipo tukaelekea kaskazini. Kurudi, tulifika ziwani tukiwa juu vilevile, tukashuka kwa kuzunguka. "Mu maji hakuna mutu wa kutupiga," alisema kila asubuhi.

Siku hiyo alirusha yeye kwenda. Kule Kirundo, abiria wakifunga mikanda, akajifuta miwani.

"Leo unarudisha we. Mi nitashika redio."

"Ndiyo, Komanda. Ndiyo."

"Nimesikia ya kwanza."

Nilikuwa nimejifunza kurusha ndege tupu. Iliyojaa watu ni kitu kingine: nzito, tulivu, inakujibu taratibu kama inakupima kwanza. Ziwa lilipofunguka mbele, na milima ya Uvira ng'ambo, nilitaka kucheka kwa sauti. Nikaanza kushuka. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote juu ya maji.

Katika wa mwisho nikamkumbuka mama. Aliishi Kinama, mtaa wa Bujumbura ulio karibu na uwanja wa ndege, na hakuamini kazi yangu. "We unabebaka tu mabegi mule ndani," aliniambia mbele ya majirani. "Siku ukiendesha, pita huku nione."

Komanda alikuwa ameinama, anaandika upepo aliosomewa na mnara wa kuongozea ndege. Nikapanua mzunguko, tukatoka juu ya maji. Mabati ya Kinama yakapita chini yetu, labda sekunde kumi, kisha nikarudi kwenye mstari. Magurudumu yaligusa chini kwa ulaini hata abiria mmoja akapiga makofi. Komanda akatia saini kwenye daftari langu la safari. "Na kesho tena."

Kisha fundi akaita.

Komanda alichungulia ndani ya tundu. "Ni ya asubuhi," alisema. "Niligeuka mapema, mbele ya kupanda vizuri. Ni kosa yangu." Nikafungua mdomo. Akanigeukia akidhani naogopa. "Kesho utaendesha, usijali."

"Asante, Komanda," nikasema.

Jioni nilikwenda Kinama. Mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wote.

"Nimekuona. Ulipita hapa juu, karibu kabisa."

"Mama, ulisikia risasi wakati ule?"

"Hapa? Risasi ni kila siku, mutoto wangu. Mi nilikuwa naangalia juu."

Kesho yake niliendesha, na mizunguko yote ilikuwa juu ya maji. Nilifurahi tena, kwa furaha ileile, jambo lililonishangaza. Fundi alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha bati jepesi. Katika daftari la matengenezo aliandika tarehe, mahali na ukubwa. Kwenye nafasi ya kuandika safari iliyoleta hitilafu, kwenda au kurudi, hakuandika kitu. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nafasi ile ilibaki wazi.