Bawaba za Kabati la Mama

Sogea karibu, wewe unayetaka kutengeneza kabati kwa mikono yako, nikueleze habari ya bawaba. Mbao watu huzichagua kwa siku nyingi, wakizipapasa na kuzinusa. Bawaba huokotwa dakika ya mwisho, na hivyo ndivyo nilivyofanya mimi kwa kabati la mama yangu.

Nina karakana ndogo Garsen. Mama aliishi kijijini Kilelengwani, kando ya mto, na aliniomba kabati la mlango mmoja la kuwekea sanda yake. Alikuwa ameinunua mwenyewe, bafta nyeupe, akaikunja na kipande cha kafuri ndani, maana hakutaka siku yake ikifika watu waanze kuhangaika madukani. Nilipiga randa mbao za mbambakofi, nikaunga pembe bila msumari hata mmoja. Bawaba nilizinunua asubuhi ya kumpelekea kabati, gari likinisubiri. Ziling'aa manjano, nikaamini ni shaba. Kumbe ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Mto ulipofurika, mama alihamia mahali pa juu pamoja na majirani, sanda kichwani. Kabati lilibaki majini. Aliporudi aliliosha, mbao hazikuwa na neno, akairudisha sanda mahali pake. Nilipokwenda kumwona, mlango ulilia.

"Kabati lako linalalamika kunishinda mimi mzee," akasema akicheka.

"Nitaleta bawaba nyingine, mama. Wiki ijayo."

"Haya, fundi. Kwenye foleni yako niko mbele au nyuma?"

Nilicheka pia. Alikuwa nyuma. Kila wiki kulikuwa na mteja, mara meza za hoteli, mara kitanda cha bwana harusi. Nikimpigia simu niliuliza, "Mlango je?" Naye alijibu, "Mlango hauna neno."

Siku aliyofariki nilifika wanawake wameshateka maji ya kumwoshea. Mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, alinivuta kando.

"Sanda imo kabatini, na mlango haufunguki."

"Tangu lini?"

"Miezi sasa. Alisema usiambiwe, una wateja."

Nilijaribu bisibisi. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na kutu, ikateleza tu. Nikashika patasi na nyundo, nikaupasua mlango nilioutengeneza mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakimsomea Kurani walisimamisha kisomo mpaka nilipomaliza kugonga.

Sanda ilitoka safi, bado inanukia kafuri, isipokuwa upindo mmoja uliokuwa umepenya kwenye ufa wa mlango ukagusa bawaba. Hapo palikuwa na mstari wa kutu, mwembamba, wa urefu wa kidole. Mama mdogo aliutazama, akaukunjia ndani.

"Hauonekani," akaniambia.

Mimi nauona mpaka leo.

Siku hizi naingia dukani na sumaku mfukoni. Mwenye duka hunitania: "Fundi, bawaba hizi unanunua au unaposa?" Namwacha acheke. Nawe fanya hivyo, wala usione haya. Sumaku ikinasa kwenye bawaba ya manjano, irudishe, ndani mna chuma. Ipime mkononi, shaba ya kweli ina uzito. Ifungue na kuifunga polepole, ukisikiliza. Mabawa yake mawili yasichezecheze kwenye pini ya katikati. Mlango ukiwa mrefu au mzito, weka bawaba tatu badala ya mbili.

Skrubu nazo ziwe za shaba, la sivyo kutu itaanzia hapo. Shaba ni laini, kwa hiyo usiilazimishe kwenye mbao ngumu. Toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ifungue njia, itoe, ndipo uingize ya shaba. Mara ya kwanza utakata vichwa vya mbili tatu. Usivunjike moyo, hata mimi nilikata vingi.

Lile kabati nimelileta karakana. Nimelitia mlango mpya na bawaba nzuri, unafunguka kwa kidole kimoja, na ndani hamna kitu.

Kwa hiyo kama kuna mlango unaolia nyumbani kwa mtu wako, usimuulize kwa simu. Chukua bisibisi na bawaba za shaba, uende leo ukaufungue kwa mkono wako mwenyewe.