Baisikeli Namba Saba

Nyinyi watu mna adha. Kila nikikaa niambue karanga zangu, mtu huyo: tusimulie ile ya Bana Kapambwe na mkwe wake. Mimi si redio, sina kitufe. Na kuandika kwenyewe kunanitoa jasho, herufi zinanikimbia kama kuku wa mgeni. Lakini kwa kuwa kuna wanaoisimulia kombo, wakisema mama yule alimdhalilisha mkwe, basi kaeni. Nitaisema mara moja, na anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Bana Kapambwe, yaani mama yake Kapambwe, anakaa Chimwemwe, hapa Kitwe, pale njia ya bombani inapokata kona. Ukuta wake wa mbele unatazama njia. Kila Jumamosi asubuhi huupaka chokaa, ikishakauka anachukua mkaa na kuchora kumi bora yake: nyimbo kumi zilizomkaa moyoni wiki hiyo, wa kwanza juu kabisa, wa kumi chini kwenye usawa wa kuku. Majina hawezi kuyaandika, ila tarakimu anazijua, kwa hiyo kila wimbo anaupa picha. Wimbo wa binti mmoja wa Luanshya aliyeachwa na mume, aliuchorea sufuria isiyo na mfuniko. Ule wa vijana wa Mufulira wanaojisifia mavazi, aliuchorea kiatu kimoja. Wanaokwenda kuteka maji husimama na ndoo kichwani wakibishana.

"Sufuria imeshuka! Bana Kapambwe, sufuria imekukosea nini?"

"Imechuja. Niliizima redio nikasikiliza kama wimbo utabaki kichwani. Haukubaki. Nenda kateke maji, watakuwahi foleni."

Hivyo ndivyo anavyopima. Wimbo kwanza anautwangia karanga. Ukiushika mchi, vizuri, ukiukimbia mchi, umekwisha. Halafu anaufagilia uwanja. Halafu anazima redio. Redio zina kumi bora zao, na baa zina zao, naye husema ya redio ni ya redio, ukuta ni wake, chokaa ni yake.

Sasa, Kapambwe aliolewa na Dalitso Jere, Mngoni wa Chipata, fundi wa kuchomelea mageti mchana, jioni mwimbaji. Kijana mzuri, sitamsema vibaya. Ila alikuwa hajaingizwa, yaani hajafanyiwa ile karamu ya kumkaribisha ndani kwa mama mkwe. Mkwe asiyeingizwa haingii kwa mama mkwe, hali kwake, hasemi naye. Akimwona njiani anavuka upande wa pili, naye mama mkwe anajifunika kitenge. Neno lolote lilipita kwa mshenga, Ba Zimba, Mngoni mwenzake, mzee mwenye kicheko cha kuamsha watoto.

Basi Dalitso akatoa wimbo wa baisikeli ya marehemu baba yake. Ukashika Kitwe nzima. Wenye baa waliupiga, wauza mkaa waliupigia mluzi, hata kanisani kwaya waliubadilisha maneno. Jumamosi ilipofika watu walijaa mbele ya ukuta kabla chokaa haijakauka. Bana Kapambwe akachora, akachora, na baisikeli ikatokea: namba saba.

Kapambwe alikuja mbio, hata kitenge hakukifunga sawasawa.

"Mama! Saba? Mume wangu umemweka chini ya kiatu?"

"Sikumweka mume wako. Nimeweka wimbo."

"Watu wananicheka bombani!"

"Wanaocheka wana midomo, wachore na wao. Wako wapi?"

"Mama, mwezi huu tunamwingiza. Utamwingizaje mtu mlango ulio kando ya hiyo namba saba?"

"Mlango ni mlango, mwanangu. Ataingia kwa miguu, haingii na baisikeli."

Kapambwe aliondoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata, baisikeli ilikuwa pale pale. Ndipo akaja Ba Zimba kwa niaba ya ukoo wa mkwe, akakaa kwenye kigoda uwanjani. Mnajua Wabemba, kina Bana Kapambwe, na Wangoni ni watani: hawa huitwa wala nyani, wale wala panya. Mtani haanzi na salamu.

"Nyinyi wala nyani, masikio ya kusikia muziki mmeyapata wapi?"

"Tulinunua kwenu panya wenu wa chakula, mkatupa masikio kama nyongeza," akajibu Bana Kapambwe. "Sema kilichokuleta, mtani, kabla sijakuwekea panya kwenye sufuria."

"Nimetumwa. Mtoto anauliza kosa la wimbo wake."

"Mwambie hivi. Kiitikio kitamu, ubeti wa baba yake unaliza, mimi mwenyewe nimelia nikaacha karanga zikaungua. Lakini wimbo haujui kwisha. Unafika mwisho, unarudi, unafika tena, unarudi. Kama mgeni aliyeaga halafu akakaa. Nikiutwangia, karanga zinakuwa uji. Saba."

Ba Zimba alicheka mpaka akashika mbavu. "Kama mgeni aliyeaga halafu akakaa! Mla nyani wewe!" Akaondoka akicheka hadi kona.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana yule mzee aliyabeba yote kama utani. Alifika kwa Wangoni wenzake akawaambia: mtani anatuchokoza tu, siku ya kumwingiza mtoto atamweka juu, mtaona, ndiyo zawadi yake hiyo. Wakafurahi. Wakapita wakiwaambia jamaa, na jamaa wakawaambia jamaa. Kumbe mwanamke hakuwa ametania hata neno moja.

Siku ikapangwa, nayo ikaangukia Jumamosi. Tangu alfajiri wanawake tulikuwa jikoni: kisamvu cha karanga, dagaa, maharage, chikanda ile ya mizizi na karanga, ubwali, yaani ugali wetu, na kuku mzima asiyekosa hata kucha. Kungwi wetu, Bana Mpundu, aliyemfunda Kapambwe, alimkuta mwenye nyumba nje na ndoo ya chokaa.

"Unafanya nini wewe mwanamke?"

"Leo Jumamosi."

"Leo ni siku ya mkwe! Ruka wiki moja, utakufa?"

"Wiki hairukwi. Nimefiwa na mume nikachora, sembuse kupata mkwe?"

"Basi ipandishe juu hiyo baisikeli. Mkwe hakosolewi."

"Mkwe sijamkosoa. Kuku nimempikia mzima au sijampikia? Kila chombo kimejaa. Kwenye chakula mnidai, kwenye ukuta msinidai."

Wakaja. Ngoma mbele, akina mama wa Kingoni wanapiga vigelegele, Ba Zimba katikati, na Dalitso nyuma yake amevaa suti, uso chini kama mila inavyotaka. Walipofika kona wote waliinua macho ukutani, hata Dalitso aliyatoa macho chini mara moja.

Saba.

Vigelegele vilikatika kama kamba. Ba Zimba akajikohoza.

"Mtani, basi. Tumecheka vya kutosha. Futa, upandishe, tuingie."

"Sikutania, Ba Zimba."

"Hukutania?"

"Panya nilitania. Wimbo sikutania."

Mama mmoja wa Kingoni akasema tugeuze, tumedharauliwa mlangoni. Ngoma ikawekwa chini. Kapambwe akaanza kulia waziwazi, maana mkwe akigeuzia mlangoni harudi tena, na ndoa inabaki na doa. Bana Mpundu akachovya tambara kwenye ndoo, akaelekea ukutani. Bana Kapambwe akamtangulia. Akaegemeza mgongo ukutani pale pale penye baisikeli, chokaa ikamshika kwenye gauni lake jipya, na kwa kuwa hawezi kusema na mkwe, akamwambia mshenga kwa sauti ya kusikika bombani:

"Ba Zimba, mwambie mkwe wangu. Mwambie leo nikimpandisha kwa ajili ya kuku, sitaweza kumpandisha tena kwa ajili ya wimbo. Siku atakayotunga wa namba moja hatajua kama ni wimbo uliompandisha au ni mama mkwe. Watu wote watamsifu, ana ndugu, ana mashabiki, ana walevi wa baa. Ukuta usiomdanganya ni huu mmoja. Akitaka niufute, nitaufuta, lakini nitaufuta wote, na sichori tena maishani. Achague."

Ba Zimba alifungua mdomo aupeleke ujumbe, akaufunga. Mwenye kupelekewa alikuwa amesimama hatua chache tu, amesikia yote.

Dalitso alivua viatu. Akampita mshenga, akampita Bana Mpundu na tambara lake, akaingia mlangoni. Wale mama wa Kingoni wakatazamana, kisha mmoja akapiga kigelegele chembamba, na ngoma ikaokotwa.

Alikula. Tulifunua chombo kimoja kimoja, kungwi akaeleza kila kimoja, kuku akahesabiwa viungo. Mwishoni Bana Kapambwe akamega tonge la ubwali kwa mkono wake, akampa mkwe, na alipolimeza aibu ikawa imeondolewa. Tangu hapo wanaweza kusemezana. Chumba kizima kikangoja neno la kwanza. Kwa kawaida ni asante mama.

"Mama," Dalitso akasema, "sufuria inanishinda nini?"

"Sufuria inajua kwisha."

"Ila gita lake bovu."

"Bovu, lakini linaaga."

"Nikikata ule mwisho?"

"Kata kwanza. Mimi sipangi kwa ahadi."

"Basi hata sita, mama! Kiatu kile ni kelele tupu!"

"Saba. Kula kisamvu."

Ba Zimba safari hii hakucheka. Wengine tulicheka mpaka chikanda ikatupalia. Kapambwe hakucheka, alikaa wiki nzima hamsemeshi mama yake, na mimi simlaumu. Dalitso ndiye alikuja Jumamosi iliyofuata, mapema, akasimama njiani na kofia yake ya kuchomelea mkononi kungoja chokaa ikauke. Baisikeli ikawa namba nane. Wakagombana hadi jua likawa kali, uso kwa uso, na hakuna aliyevuka barabara.

Huko ndiko kumdhalilisha mkwe? Haya, nimemaliza. Sasa zamu yako, uliyeniachisha karanga. Simama hapo ulipo, utaje wimbo wako wa kwanza wa wiki hii, kwa sauti, jirani asikie, na useme umezishinda nyingine kwa nini. Usiniambie zote nzuri. Taja.